Kibuyu cha Dawa na Harusi ya Mtoto wa Fisi

Jamani, kabla sijaanza, naomba radhi. Hadithi hii nitaiharibu. Bibi aliyenisimulia alikuwa na meno mawili, akaisimulia vizuri. Mimi ninayo yote, na nitaiharibu hivyo hivyo. Atakayechoka alale, ila asikorome kwa sauti kunishinda. Na nyinyi wakubwa huko nyuma, mkicheka kwa uchungu, msiseme nimewachokoza. Nasimulia wanyama mimi.

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wenye njaa. Paukwa!

— Pakawaaa!

Naam. Hiyo angalau imeonja uji. Twende.

Hapo zamani za kale, mbuga haijapata njia wala jina, paliondokea Ngiri na mkewe. Mkewe alikuwa akiitwa Mama Tabu. Walikuwa na watoto watatu. Wa kwanza Tabu, huyo alikuwa na kifua. Vumbi likipita, kifua kinabana, pumzi inalia: hiii-huuu, hiii-huuu. Wa pili Mashaka, huyo alikuwa na viungo. Baridi ikianza, magoti yanamuuma mpaka anang'ata mkia. Wa tatu Riziki. Riziki hakuwa na ugonjwa wowote. Riziki alikuwa na njaa. Alikuwa nayo asubuhi, alikuwa nayo mchana, na akimaliza kula alikuwa nayo zaidi.

Sasa, watoto hao Mama Tabu aliwalea kwa karanga. Alitundika vibuyu vitatu ukutani. Kibuyu cha kula. Kibuyu cha mbegu. Na kibuyu cha dawa, kile chenye alama ya kucha shingoni. Kila akirudi shamba, karanga za kwanza zinaingia kwenye kibuyu cha dawa. Riziki analia, zinaingia. Mume ananuna, zinaingia.

"Mama Tabu, wewe mwanamke bahili!" Ngiri anasema. "Tumbo langu linaunguruma, wewe unalisha kibuyu!"

"Tumbo huomba kwa kelele, baba Tabu. Ugonjwa hauombi. Unachukua."

Na dawa ilikuwa kwa nani? Kwa Mzee Kakakuona. Mganga hodari, mizizi yote ya mbuga anaijua. Ila alikuwa na tabia moja. Ukigonga mlangoni mkono mtupu, anajikunja. Kichwa ndani, miguu ndani, mkia ndani, mviringo kama jiwe. Bisha utakavyobisha. Lia utakavyolia. Hafunguki mpaka asikie karanga zinatikisika kwenye kibuyu: choko-choko-choko! Hapo anafunguka mwenyewe, tabasamu mpaka masikioni. "Ooo, mama! Karibu, karibu! Umekaa sana hapo?"

Msicheke. Mnamjua.

Basi maisha yalikwenda. Tabu akinywa dawa yake kila siku, anapumua. Mashaka akinywa yake, anaruka. Mpaka siku ile Fisi alipotangaza kuwa mwanawe anaoa.

Wee! Mbuga nzima ilisimama. Kamati ikaundwa. Mwenyekiti, Fisi. Mweka hazina, Fisi. Mwonjaji wa nyama kabla ya shughuli, Fisi. Mtangazaji wa ahadi, Kasuku. Kazi ya Kasuku ilikuwa moja: kila mtu akitaja atakachochanga, yeye anapaza sauti mbuga yote isikie, na hakosei hata neno.

Twiga akasema, "Sinia moja ya karanga."

"Twiga, sinia mojaaa!" Wanawake wakapiga vigelegele.

Punda Milia akasema, "Masinia mawili."

"Punda Milia, masinia mawiliii!" Vigelegele vikazidi.

Ngiri alikuwa amekaa nyuma. Hakuwa na sinia, hakuwa na nusu sinia. Lakini vile vigelegele viliingia sikio hili, vikagoma kutokea lile. Akasimama. Mkia ukasimama: twii!

"Mimi," akasema, "kibuyu kizima!"

Mbuga ikalipuka. "Ngiri! Ngiri! Mwanamume huyo!" Fisi akamkumbatia mpaka mate yakamdondokea begani. "Shemeji, wewe ndiye mwenye harusi! Mimi nimezaa tu!"

Asubuhi yake, Kasuku juu ya mti, nje ya nyumba ya Ngiri:

"Ngiri bado! Ngiri bado!
Mkia juu, mkono mtupu!
Ngiri bado!"

Asubuhi nyingine, tena. Na nyingine, tena. Ngiri akaanza kupita njia za nyuma. Kasuku naye akahamia miti ya nyuma.

Basi siku Mama Tabu alipokwenda mtoni kuteka maji, Ngiri alisimama mbele ya vibuyu vitatu. Akatikisa cha kula: kimya. Riziki alishakipitia. Akatikisa cha mbegu: tik, tik. Akatikisa cha dawa: choko-choko-choko!

Akakitungua.

Mama Tabu aliporudi aliliona pengo ukutani kabla hajatua mtungi. "Kibuyu kiko wapi?"

"Kipi?"

"Baba Tabu, usiniulize kipi."

"Aah, kile! Nimepeleka ahadi. Ahadi ya mwanamume ni deni, mama Tabu. Ulitaka niaibike?"

"Ile ni dawa ya watoto!"

"Watoto gani? Mtazame Tabu. Anacheza. Ni lini mara ya mwisho umesikia anakohoa?"

"Hakohoi kwa sababu anakunywa dawa!"

"Ndiyo nakwambia, kumbe amepona! Mtoto mzima humpi dawa, unamzoesha vibaya." Akapangusa pembe zake kwa jani, akaenda zake kwenye kikao, maana siku ile palikuwa na kikao cha kupanga vikao.

Jua likapanda. Upepo ukaja: vuuuu! Ukaja na vumbi. Tabu alikuwa anakimbizana na Mashaka. Akasimama. Akainama. Hiii-huuu. Hiii... huuu. Hiiiii...

Mama Tabu alimbeba mgongoni, puru-puru-puru mpaka kwa Mzee Kakakuona, Mashaka na Riziki nyuma. Ngo-ngo-ngo!

"Mzee, mtoto anakata pumzi!"

Kakakuona akanyoosha sikio. Hakusikia choko. Akajikunja.

"Mzee, nitaleta kesho! Nikope tu mzizi mmoja!"

Jiwe halikujibu. Mama Tabu akamlaza Tabu kivulini. "Mashaka, mpepee mwenzio. Riziki, usile kitu cha mtu." Akakimbia.

Akafika kwa Fisi. Karanga za harusi zimerundikwa kama kichuguu, na Fisi amekaa juu yake akichokonoa meno. "Shemeji Fisi, nirudishie japo konzi moja ya zetu. Tabu anakufa."

"Maskini! Pole sana, shemeji. Imeniuma hapa." Akashika tumbo. "Lakini karanga za harusi hazichokonolewi. Ni mkosi. Unataka mwanangu aoe tasa? Nenda, tuko pamoja nawe katika dua."

Akafika kwa Twiga. Twiga akainua shingo mpaka mawinguni. "Eti nini? Huku juu sisikii vizuri, mama."

Akafika kwa Punda Milia. "Ningekupa, dada yangu, haki ya Mungu ningekupa. Tatizo nimeshashona sare." Mama Tabu akamtazama. Alikuwa amevaa milia ile ile aliyozaliwa nayo.

Mama Tabu alisimama njiani. Mguu wa mbele haujui uende wapi. Angelia, ila kulia nako kunataka pumzi, na pumzi zake zote alikuwa akimwekea Tabu. Hapo akaliona tawi. Juu ya tawi, Kasuku anachambua manyoya.

"Kasuku."

"Naam, mama Ngiri kalipa!"

"Tangaza. Kuna sherehe. Michango inapokelewa mlangoni kwa Mzee Kakakuona. Sasa hivi."

"Sherehe!" Macho ya Kasuku yakawa manane. Hakuuliza ya nani. Hakuuliza ya nini. Akapaa: "Kuna shereheee! Michango inapokelewa mlangoni kwa Mzee Kakakuonaaa! Sasa hiviii!"

Mama Tabu hakufika mbali. Alipitwa njiani. Twiga, yule asiyesikia huko juu, alipita kama mshale, sinia kichwani. Punda Milia alipita, masinia mawili. Walifika mlangoni, wakamkuta Tabu amelala anavuta pumzi kwa shida, hiii, hiii. Wakamruka kama gogo, Mama Tabu anakuja nyuma anawaona. Wakamwaga michango. Jiwe halikufunguka; karanga za sinia hazilii choko.

"Sare rangi gani?"

"Nyama ipo?"

"Kuna kubeba?"

"Siku ikifika, mfuateni Kasuku," Mama Tabu akasema, na hakusema zaidi.

Fisi alikuja mwisho, anahema. "Mwenyekiti ni nani? Hakuna? Basi ni mimi. Na mchango wangu huu hapa, jasho langu mwenyewe!" Akaweka kibuyu.

Mama Tabu akakitazama. Kina alama ya kucha shingoni.

Alikichukua, akakipeleka kwenye sikio la lile jiwe, akatikisa. Choko-choko-choko!

"Ooo, mama! Karibu, karibu! Umekaa sana hapo?"

Tabu akapewa dawa. Akanywa. Hiii... huuu. Hiii. Huu. Kisha kimya, na kimya kile kilikuwa kizuri, kwa maana kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Mama Tabu akakaa chini.

Na Ngiri je? Ngiri alikuwa kwenye kikao. Kasuku alipopita juu akitangaza, mkia ukasimama: twii! "Hiyo sherehe, mimi vibuyu viwili!" Jirani akamuuliza, "Ya nani kwani?" Ngiri akamjibu, "Sherehe ni sherehe, bwana!" Jioni akarudi nyumbani, akamkuta Tabu anapumua. "Mnaona?" akasema. "Si nilisema mtoto mzima?"

Siku ya sherehe ikafika. Mbuga ilivaa. Fisi alikuja na mfuko wa kubebea, na ndani ya mfuko mfuko mwingine. Kasuku mbele, umati nyuma, Ngiri katikati anaimba kuliko wote. Wakakata kona. Wakashuka bonde. Ngiri akaanza kupunguza sauti.

"Mbona njia hii naijua?"

Wakafika uani.

"Mbona na mlango huu naujua?"

Mama Tabu alitoka na mtungi wa maji. Nyuma yake Tabu anamkimbiza Mashaka, anacheka, anapiga kelele, hakohoi.

"Karibuni. Sherehe ndiyo hii. Mtoto wangu anapumua. Pigeni vigelegele."

Hakuna aliyepiga. Riziki peke yake alipiga makofi, naye alidhani chakula kinakuja.

"Bwana harusi yuko wapi?" Twiga akauliza.

"Nyama iko wapi?" Fisi akauliza.

"Tumetapeliwa!" Punda Milia akapiga kwato. "Ulisema harusi!"

"Kasuku," Mama Tabu akasema, "rudia nilivyosema."

Kasuku angetamani kunyamaza, ila hajaumbwa hivyo. "Kuna sherehe. Michango inapokelewa mlangoni kwa Mzee Kakakuona. Sasa hivi."

"Nani kati yenu aliniuliza sherehe ya nini?"

Wakatazamana. Mmoja akakuna sikio. Mmoja akakumbuka ameacha moto jikoni, na wala hakuwa na jiko.

"Mlimruka," Mama Tabu akasema. "Amelala mlangoni, mkamruka mkaniuliza sare."

"Basi mimi nataka changu!" Fisi akafoka. "Jasho langu!"

Mama Tabu akainua kibuyu, akageuza shingo yake, alama ikaonekana. "Chako hiki, shemeji? Hebu waambie wenzako ulikivuna shamba gani."

Fisi akakunja mfuko. Akakunja na mfuko wa ndani. Akaondoka akicheka cheko lile la mtu asiye na la kucheka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, njaa zao mkononi.

Ngiri naye akaanza kurudi kinyumenyume. Lakini Kasuku:

"Ngiri bado! Vibuyu viwili!
Mkia juu, mkono mtupu!
Ngiri bado!"

"Nimlipe nani?" Ngiri akalia. "Sherehe ni ya kwangu!"

"Unilipe mimi," Mama Tabu akasema.

"Mke na mume tudaiane?"

"Ahadi ya mwanamume ni deni, baba Tabu. Ama unataka uaibike?" Akamtupia kibuyu kitupu. "Anza na cha dawa."

Ngiri akaenda kuchimba. Ardhi ngumu. Shingo fupi, pua haifiki. Akajaribu amesimama, ikashindikana. Akajaribu ameinama, ikashindikana. Mwisho akapiga magoti. Akachimba. Na mpaka leo, ukipita mbugani utamkuta ngiri malishoni, amepiga magoti, pua chini. Wapita njia husema, "Mcha Mungu yule, anasali." Hasali. Analipa.

Sikieni basi funzo, wakubwa kwa wadogo. Ukikuta kibuyu kimejaa nyumbani kwako, usifurahi. Uliza kwanza kimejaa kwa ajili ya nani. Dawa ya mtoto hutangulia vigelegele. Na mbuga inayochangia nyama na kumruka mgonjwa, siku moja kila mmoja atalala mlangoni kwa Kakakuona, na wenziwe watamruka.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na mlango nimeufunga. Iliyo tamu ibebeni, iliyo chungu mwachieni Fisi.

Nami nipisheni, nimechelewa. Kuna kikao cha harusi, na mwenyekiti ni mimi. Eti harusi ya nani?

Hilo nalo sikuuliza.