Jina la Mjukuu wa Mishi

Hapo zamani, na mwenye kubisha abishe, palikuwa na mama mmoja aitwaye Mishi. Moyo wake ulichoka. Akipanda ngazi tatu, anakaa. Akila, anahema. Akilala, anaamka ameshika kifua. Matabibu wakamwambia dawa ni moja tu: atiwe pampu ya chuma ndani, isukume damu badala ya moyo.

Mishi akakataa katakata. Mama yake alipasuliwa kidari kwa msumeno ili atiwe pampu kama hiyo, na hakurudi nyumbani. Tangu hapo Mishi akisikia seremala anapasua mbao, huziba masikio. Akasema bora afe mzima.

Sasa sikilizeni. Pampu za wakati ule zilikuwa kubwa kama nazi, haziingii mpaka kifua kifunguliwe chote. Fundi Nasra akahangaika na yake miaka tisa, akaipunguza, akaipunguza, mpaka ikaenea kiganjani. Tabibu Tunu naye akajifunza kuitia bila msumeno: tundu moja chini ya titi, katikati ya mbavu, na jingine dogo juu ya kifua. Akamwambia Mishi, "Mama, nyumba yako sikubomolei. Nitapita dirishani kama mwizi, ila mimi naacha kitu."

Mishi akakubali. Akatiwa, akapona. Tumboni ukatoka waya, ukaenda kwenye betri alizozivaa kiunoni.

Lakini pampu ile haidundi, inazunguka tu. Kwa hiyo ukimshika Mishi mkono, huoni mapigo. Tunu alimweleza hayo Kibibi, mke mwenza aliyekuwa akimuuguza, akamwagiza awaambie majirani wote. Kibibi akanyamaza. Aliogopa watu wasije wakasema nyumbani mwao kuna mzuka. Ndiyo yale, mficha maradhi kilio humuumbua.

Siku moja ya jua kali, Kibibi yuko sokoni, Mishi akaanguka uani kwa joto na kiu. Majirani wakaja. Wakashika mkono, kimya. Wakashika shingo, kimya. Wakamfumba macho, wakamfunga kidevu kwa kitambaa. Na Mishi anasikia yote, ila ulimi haunyanyuki. Anasikia maji yanamiminwa. Anasikia wanaume wanaulizana nani amebeba jembe la kuchimbia kaburi. Hofu aliyoipata, msiombe yawakute.

Wakamlaza juu ya kitanda cha kuoshea. Mwosha maiti akamtazama kifuani, haoni kovu la maana, vimistari viwili tu kama chale za mganga. Halafu akauona waya. Akasema maiti haendi kaburini na chuma cha watu, akaushika auvute. Mishi akapiga kelele kwa nguvu zake zote, lakini kelele zilibaki ndani.

Ndipo Kibibi akaingia mbio, kapu mkononi. Akamsukuma mwosha, akalaza sikio kifuani pa mke mwenzake. Akasikia mvumo kama nyuki mzingani.

"Mwacheni," akasema. "Huyu yu hai."

Wakamnywesha maji, akafumbua macho. Mwezi uleule binti wa Mishi akajifungua mtoto wa kike. Kwao, mjukuu wa kwanza hupewa jina la mtu aliyemfaa bibi yake kuliko wote. Siku ya saba wakaja wote watatu, Nasra, Tunu na Kibibi, kila mmoja anadai jina.

Nasra akasema bila pampu yake Mishi angekuwa udongo zamani. Tunu akasema pampu ingekaa kabatini, maana Mishi aliukimbia msumeno. Kibibi akasema, "Nyinyi mlimpa uhai, nao ulikuwa unakwenda kuzikwa. Na kovu lako dogo, tabibu, ndilo lililowadanganya watu."

"Na ulimi wako je?" akauliza Tunu.

Kibibi akainama, akalia. Lakini hakuondoka.

Mishi kapakata mtoto, roho iko juu. Anawaza: nikimuudhi Nasra, pampu ikiharibika ataitengeneza nani? Nikimuudhi Tunu, nani atapita dirishani tena? Nikimuudhi Kibibi, siku nikianguka, nani ataweka sikio? Ukoo mzima unangoja, na mtoto analia.

Mimi mate yamenikauka. Semeni nyinyi mliokaa hapo: mtoto aitwe nani?