Nyani Aliyekataa Tamthilia Iishe

Niwashe?

*Washa!*

Wa mbele?

*Wakae chini!*

Wa nyuma?

*Wafunge midomo!*

Haya, tegeni masikio.

"Imeisha!"

"Haijaisha!"

"Imeisha, Mzee Nyani. Kila mtu ameona."

"Mimi sijaona. Nilipepesa macho."

Aliyesema imeisha ni Bi Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe, asiye na mkia wala pembe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa pango, mikono kiunoni. Aliyesema haijaisha ni Mzee Nyani, jitu lenye meno kama misumari na tumbo kama gunia. Alikuwa amekaa ndani, mbele kabisa, sufuria kichwani. Sufuria ile haikuwa ya kupikia. Ilikuwa kofia ya anga.

Msishangae. Pango lilikuwa la Pimbi. Alizaliwa humo, na mama yake alizaliwa humo. Siku moja Nyani akaja amejitwika televisheni na kioo cha sola. Alikoitoa msiniulize, katika ngano vitu hutoka vinakotoka. Akasema kwa upole, "Dada Pimbi, televisheni inataka giza, na pango lako lina giza zuri sana. Niazime. Nitatazama tamthilia moja tu. Ikiisha, natoka."

Pimbi ana adabu. Akahamia kichakani na wanawe, huko kwenye miiba, akijua ni kwa muda mfupi.

Tamthilia yenyewe iliitwa *Watu wa Mwezi wa Pili*. Ilikuwa na chombo cha kuruka angani, viuuu! Ilikuwa na roboti mwenye huruma, ti-ti-ti! Na ilikuwa na Kapteni Vashka, mwanamke asiyeogopa chochote. Tatizo ni kwamba wote walisema lugha ya mbali, isiyojulikana mbugani. Kwa hiyo Pimbi akawekwa kando ya televisheni na kibuyu mdomoni kama kipaza sauti, atafsiri.

"Kapteni anasema: Geuzeni chombo! Roboti anasema: Kapteni, moyo wangu wa chuma unauma!"

Je, Pimbi aliijua lugha ile? Hata neno moja. Lakini nani mwingine aliijua? Basi huo ndio ukawa ufasiri, na wanyama wote wakamsifu kwa elimu yake.

Kila mtazamaji alileta kiingilio. Kanga alileta yai. Swala alileta matunda. Nyani alikula yai, akala matunda, akala na maganda, kisha akawaambia wengine wasitafune kwa kelele.

Sasa ile siku ya mwisho, chombo kiliingia ndani ya jua. Viuuu! Pwaa! Kioo cha televisheni kikawa cheusi. Kanga alilia mpaka madoadoa yakaloa. Swala alikataa majani, yeye na ukoo wake wote. Majirani wa ng'ambo ya mto walikuja kutoa rambirambi: "Poleni sana kwa kuondokewa na Kapteni. Alikuwa mtu wa watu." Mara akatokea Kobe, jasho linamtoka. Alikuwa ameanza safari aliposikia kwamba tamthilia inaanza.

"Jamani, nimewahi?" akauliza.

Kanga akaanza kulia upya.

Hata Pimbi alisikia uchungu. Usimwone amesimama mlangoni anadai pango lake. Sauti ya Kapteni ilikuwa sauti yake. Kapteni alipokufa, yeye ndiye aliyesema "Kwaherini, watoto wangu" kwenye kibuyu. Lakini mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya, ngururu! ngururu! Na mwanawe mdogo kule kichakani alikuwa ameanza kupiga chafya, chee! chee!

"Mzee Nyani," akasema, "mvua inakuja. Nipe pango langu."

"Tulikubaliana nini? Ikiisha, natoka. Imeisha?"

"Imeisha."

"Haijaisha! Kapteni yuko ndani ya jua, anapumzika. Akitoka, nitatoka. Mimi ni mtu wa ahadi, dada. Na ukinisumbua tena, nitakutafuna kama karanga."

Jamaa zake, manyani wenye mabega mapana waliojaa pangoni, wakacheka, kha kha kha! Nyani akawageukia watazamaji. "Kesho tunarudia tangu sehemu ya kwanza. Marudio nayo ni yai."

Pimbi akarudi kichakani. Mtoto akapiga chafya. Pimbi akatazama mawingu, akatazama mtoto, akatazama kibuyu chake.

"Ngoja," akasema.

Kesho yake mchana pango lilijaa. Nyani mbele, sufuria kichwani. Televisheni ikawashwa. Sehemu ya kwanza inajulikana: Kapteni Vashka anatafuta mabaharia wa anga. Anatazama kiooni, ananyoosha kidole mbele yake, anasema neno. Pimbi akashika kibuyu.

"Kapteni anasema: Wewe! Wewe uliyevaa sufuria!"

Nyani akaruka. "Mimi?"

Kiooni Kapteni akatikisa kichwa juu chini, kama alivyotikisa siku ile ya kwanza.

"Kapteni anasema: Nani mwingine? Nimetoka ndani ya jua. Chombo changu kimeharibika. Nataka rubani mwenye nguvu, mwenye mikono miwili na mkia."

"Mkia ninao! Kapteni, ninao!"

Kanga akainua shingo. "Lakini mara ya kwanza hapo hapo Kapteni alikuwa akisema mambo mengine kabi..."

"Wa nyuma wafunge midomo!" Nyani akanguruma. "Huoni naongea na Kapteni?"

Kanga akafunga mdomo. Pimbi akakishika kibuyu vizuri zaidi. Roboti akatokea amebeba sinia.

"Roboti anasema: Chakula ni tele. Ndizi zimeiva, na hakuna wa kuzila."

Nyani akameza mate, gluk!

"Kapteni anasema: Njoo na jamaa zako wote, hakuna atakayebaki. Televisheni iacheni, huku ziko kubwa kama mlima. Pandeni kilele cha mlima ule wa mbali. Simameni kwa mguu mmoja, tazameni juu, msipepese macho. Tutawachukua. Na tafadhali, rubani, usivue sufuria."

Pimbi alipokuwa akisema hayo, alisikia pango lote limeshusha pumzi. Kanga ameacha kulia. Swala anatafuna. Kobe ametoa kichwa nje kabisa. Ndipo Pimbi akajua kwamba Kapteni hakuwa amefia ndani ya jua lolote. Alikuwa hapo kwenye kibuyu, siku zote.

Nyani na ukoo wake wakatoka mbio, vumbi puuu! Pale mlangoni akageuka, machozi yakimlengalenga.

"Kwaheri, dada Pimbi. Nitakuandikia kutoka angani."

Pimbi akawaita wanawe. Waliingia wote, yule mdogo akalala papo hapo kwenye kona ya bibi yake. Mvua ikashuka, cho cho cho! Televisheni ikaendelea, na Kapteni akapata vita vipya na mchumba mpya, kwa picha zilezile. Kiingilio kikawa kukaa chini na kunyamaza. Kobe akapewa nafasi ya mbele, maana hatimaye alikuwa amewahi mwanzo.

Mvua ilipozidi kunyesha, wakasikia: ngo! ngo! ngo!

"Nani?"

"Ni mimi." Sauti ilikuwa ya Nyani, inatetemeka. Ukoo wake umeloa nyuma yake, na sufuria imejaa maji mpaka ukingoni. "Chombo hakikuja. Dada, nimekubali. Imeisha. Wote tumekubali. Nifungulie."

Funzo la hadithi hii, wapendwa wangu, ni kwamba televisheni haina faida yoyote. Pia tuwatii wenye nguvu, kwa sababu hutimiza ahadi zao. Na tusiseme uongo, hasa kama hatuna kibuyu.

Nizime?

*Zima!*

Nazima. Lakini mwenzenu bado yuko nje analowa, na si vizuri kumwacha bila jibu. Pimbi akachungulia mlangoni, akamwambia kwa adabu zake zote:

"Haijaisha, Mzee Nyani. Rudi kileleni. Ulipepesa macho."