Nusu ya Jibu la Kakakuona

Kale hiyo, kakakuona alikuwa anasema. Msinitazame hivyo. Alikuwa anasema, tena kwa kirefu, na hakuna aliyemwona akijikunja hata siku moja.

Siku hizo maarifa hayakukaa mahali pamoja. Kobe alijua maji, kima alijua matunda, na kakakuona, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchimba, alijua udongo wa nchi nzima. Mwenye swali alifunga chakula chake akatembea siku mbili tatu mpaka kwa mjuzi, na njiani akajifunza na mengine ambayo hakuyafuata.

Aliyemtembelea kakakuona kuliko wote ni mama mmoja mfinyanzi, jina lake Nyamizi. Alimletea kibuyu cha mchwa, akaketi, akanyoosha miguu. Kakakuona alimweleza udongo upi unapasuka motoni na upi unavumilia, akimtajia kila neno na sharti lake. Nyamizi hakumkatiza. Kwa kakakuona, yule mama alikuwa zaidi ya mgeni.

Ndipo akaja mlembe, ndege mdogo huyu anayewaongoza warina asali hadi mzingani. Akawaambia watu, "Mnajichosha bure. Niulizeni mimi, nitawapeleka kwa anayejua." Watu wakafurahi, na kweli aliwasaidia, tusimnyime haki yake. Lakini mlembe hakuwa na njia ya kupima nani anajua. Alichokijua ni wapi watu walikwenda jana, na kwa nani walitoka wakicheka. Basi leo aliwapeleka kuko huko.

Kima alikuwa na majibu mafupi na matamu, hivyo watu walijaa kwake. Wajuzi wengine walipoona hayo wakaacha kazi zao. Kobe hakufuata tena chemchemi. Alishinda chini ya mti wa kima akisikiliza watu wanauliza nini, ili kesho awe nacho. Jambo lisiloulizwa halikuchunguzwa tena na yeyote. Mwisho wajuzi wote walisema yaleyale, na watu wakaona kwamba likisemwa na wote basi ni kweli.

Kakakuona alikaa misimu mitatu bila mgeni. Hata Nyamizi hakuja. Upweke ni ugonjwa, nao ulimwingia. Alizoea kujisemea peke yake, na siku moja akashtuka kuona kwamba amemaliza maelezo yote ya udongo mwekundu na hapakuwa na mtu mbele yake. Akamwita mlembe.

"Mbona huwaleti kwangu?"

"Bibi, wewe unaeleza mpaka jua linahama," mlembe akajibu. "Watu wana haraka. Wape neno moja waondoke wameridhika, nami nitawaleta."

Kakakuona alikubali. Kwa mara ya kwanza aliyakata maneno yake, akaondoa masharti akabakiza utamu. Watu wakaja. Siku ya nne, asubuhi iliyofuata mvua kubwa, katika msururu ule akamwona Nyamizi, na moyo wake ukaruka kwa furaha.

"Shikamoo, bibi. Nimekukumbuka," Nyamizi akasema. "Nataka udongo wa mitungi mikubwa."

"Marahaba, mwanangu. Uko chini ya ule mninga uliopinda. Chimba urefu wa mtu, utaukuta."

Lilikuwa jibu la kweli, lakini lilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa hii: mvua ikinyesha, usiingie shimo hilo mpaka jua lilipige siku tatu, maana kuta zake hudanganya. Kakakuona alifungua kinywa aiseme. Mlembe akapiga mbawa juu ya tawi, watu wa nyuma wakaguna, na kakakuona akafunga kinywa. Alijiambia kwamba Nyamizi ni mzoefu, atajua mwenyewe. Lakini Nyamizi angejuaje, na yote aliyoyajua kuhusu udongo aliyatoa pale pale?

Kabla ya adhuhuri shimo likamwangukia. Kakakuona aliposikia kishindo alikimbilia huko, akachimba mpaka kucha zikatoka damu, akamfikia akiwa ameshapoa, konzi ya udongo mzuri mkononi. Alipoinua kichwa alimwona mlembe akija na wanawake wengine watano wenye majembe, akiwaita kwa furaha, kwa sababu leo watu walikuwa wamekwenda huko.

Kakakuona akajilaza mbele ya shimo, akauficha uso wake tumboni, akajikunja. Wale wanawake walimsukuma, walimbembeleza, walimuuliza kuna nini. Hakujibu. Wakageuka, wakarudi nyumbani.

Na tangu siku hiyo kakakuona hasemi. Akionekana kijijini, wazee humwekea unga, maji na jembe, wakangoja aelekee kipi ili wajue mwaka utakuwaje, kisha hubishana hadi jioni alimaanisha nini. Wafinyanzi nao, mvua ikinyesha, hulitupia shimo donge la udongo, wakasikiliza kama kuta zinaporomoka, wakaondoka. Zitapita siku ngapi kabla ya kurudi hakuna anayejua kwa hakika. Mlembe bado anaita huko porini, na wanaomfuata ni wengi.

Ukimkuta kakakuona, mguse taratibu. Atajikunja. Ile nusu ya pili anayo bado, ameikumbatia tumboni, na aliyestahili kuambiwa hayupo.