Kengele Ndani ya Mkoba

"Amshindaye mtoto hana wa kumsimulia." Ndivyo alivyowaambia mwalimu mkuu asubuhi, nanyi walimu wageni mmekuja mbio kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilizaliwa hapahapa Kwemtindi, na iliyoizaa ni aibu yangu mimi, mzee wenu Shekiondo. Msitazamane, nasema kweli.

Kabla ya kushika chaki nilikuwa wakili mjini, miaka kumi na miwili. Kazi yangu ilikuwa kumhoji shahidi mpaka ajikanushe mwenyewe, na nilikuwa hodari, sifa hiyo siikatai. Kila jioni marehemu mama alinitengea chakula na kuniuliza, "Leo umemshinda nani?" Nami nilimsimulia neno kwa neno mpaka ugali ukapoa. Lakini ugomvi wa watu ulinichosha. Nikaacha, nikasomea ualimu, nikapangiwa darasa la tatu hapa. Mama nikaja naye. Nilidhani watoto ni kazi ya raha. Kumbe joho la uwakili nililivua mwilini tu.

Mwezi wa pili kengele ya shule ikapotea, ile ya mkono. Zamu ya kuigonga siku hiyo ilikuwa ya Sikudhani, binti wa miaka tisa aliyelelewa na bibi yake. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikafungua kesi.

"Zamu ilikuwa yako, ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Uliirudisha kabatini?"

"Niliikabidhi kwa—"

"Sikukuuliza uliikabidhi kwa nani. Ndiyo au hapana?"

"Hapana."

"Basi wewe ndiye uliyeipoteza."

Akanitazama usoni, akasema, "Ndiyo, mwalimu." Akalia bila sauti, anajifuta kwa mkono wa sweta. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia utamu uleule wa mahakamani. Nikamwambia asirudi darasani bila bibi yake na kengele.

Jioni mama akatenga chakula, akauliza swali lake la siku zote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nijisifu. Nikaweka mkoba chini ili ninawe, na ndani yake kitu kikalia. Nikatoa madaftari. Chini yake palikuwa na kengele. Hapo ndipo nikakumbuka: mchana, mikono imejaa madaftari, mtoto alininyooshea kengele, nami nikaitumbukiza mkobani bila hata kumtazama usoni.

"Nani?" mama akarudia.

Nikaiweka kengele kando ya sahani. Mama alikuwa ameshasikia kijijini kwamba mtoto kafukuzwa kwa ajili ya kengele; akaitazama, akanitazama mimi, akaelewa.

"Ni mtoto," akasema. "Amshindaye mtoto hana wa kumsimulia." Akafunika chakula, maana aliona sitakula.

Asubuhi dawati la Sikudhani lilikuwa tupu. Wenzake wakasema ameapa hataki tena shule. Nikaenda kwao kwa miguu, kengele mkononi, inalia kila hatua, watu wanachungulia madirishani. Ningeweza kuizuia isilie. Niliiacha.

Bibi yake alikuwa barazani anachambua maharage. Nikapiga magoti mbele yake, nikakiri yote, na yale maneno ya mama nikayasema. Sikudhani alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa bibi. Akatoa kichwa.

"Mwalimu, sasa naruhusiwa kumaliza jibu?"

"Maliza, mwanangu."

"Nilikupa wewe."

Alirudi shuleni, ndiyo. Lakini mpaka anamaliza darasa la saba hakuninyooshea mkono kujibu swali, hata lile nililojua jibu lake analo. Bibi yake alinitunzia siri ya kisa hiki, ila maneno ya mama hakuweza kuyazuia. Yalifika kisimani, yakafika sokoni, leo yako kwenye ofisi ya walimu, na wanaoyasema hawajui mshindi alikuwa nani.

Nimekaa na ushindi huo miaka thelathini na moja. Ukimwacha bibi yule, ninyi ndio wa kwanza kunisikia nikiusimulia, na mnaona wenyewe siwezi kuwatazama usoni. Nendeni mkafundishe. Amshindaye mtoto hana wa kumsimulia.