Msiba Katikati ya Mji

Meya Bulugu alitangaza kwamba kila gari litakaloingia katikati ya mji litalipa ushuru, ili foleni ipungue. Magari yake na ya madiwani yalisamehewa, kwani yale, bila shaka, hayajawahi kuleta foleni.

Tunu Shekivuli, dereva wa teksi, alimfuata ofisini kwa unyenyekevu ambao hata mumewe hakuwahi kuuona.

"Mheshimiwa, hata magari ya msiba yatalipa? Na uchaguzi ndio huo unakuja?"

Meya alishtuka. "Nani kasema? Gari lenye kitambaa chekundu cha msiba lipite bure!"

Siku ya uzinduzi, Meya alisimama kwenye kizuizi pamoja na waandishi wa habari. Mara yakaja magari ya mji mzima, taa zimewashwa, vitambaa vyekundu vikipepea. Tunu alikuwa mbele.

Meya alivua kofia, akageukia kamera, akamkabidhi Tunu rambirambi nono.

"Poleni sana, ndugu zangu. Marehemu ni nani?"

"Ushuru wako, mheshimiwa," alijibu Tunu, akizitia noti kifuani. "Umefariki asubuhi hii. Asante kwa kutuchangia mafuta."