Nani Alimwambia Sekiondo Apite?

Tegeni sikio, na asiwepo wa kujibu kabla sijamaliza.

Katika kituo cha afya cha Kwamsanje walikuwapo wawili wenye vipaji. Chausiku, karani wa mapokezi, alijua kufupisha: maneno ya siku nzima aliyaweka kwenye mistari miwili. Mganga mfawidhi Semkiwa alijua kutunza: tangazo likishawekwa kwenye tovuti ya kituo, hakulifuta kamwe. Na huko mtandaoni kulikuwa na mtambo wa kutafutia, wenye uwezo wa kupekua kurasa zote ulizokwisha kusoma, kufumba na kufumbua, na kumpa kila mwulizaji maneno yanayokaribiana na swali lake.

Dawa ya sumu ya nyoka ilipofika, Chausiku aliandika maelezo mafupi, yale yanayotarajiwa kuonekana chini ya jina la kituo mtu anapotafuta: "Dawa ya sumu ya nyoka ipo, saa zote. Karibu Kwamsanje."

Semkiwa naye akaweka juu ya ukurasa tangazo jipya kwamba dawa ya nyoka ipo. La mwaka jana akaliacha chini, na tarehe yake: "Dawa ya kifutu imekwisha. Nendeni hospitali ya wilaya."

Siku ya tatu, mchana, nyoka aina ya kifutu alimng'ata Mwajabu shambani. Mumewe, Sekiondo, akampakia kwenye pikipiki ya jirani, na kabla hawajaondoka akaandika kwenye simu: "dawa ya kifutu Kwamsanje."

Mtambo ukaona maelezo ya Chausiku yanataja nyoka, hayataji kifutu, na tangazo jipya vilevile. Ukayaweka kando, ukachukua sentensi ya tangazo la mwaka jana, yenye neno lililoulizwa, ukaiacha tarehe. Sekiondo akaisoma. Wakalipita lango la kituo bila kusimama, wakielekea hospitali ya wilaya. Mwajabu alikata roho njiani. Dawa ilikuwa kwenye friji.

Baada ya mazishi, Sekiondo alikuja kituoni, akamwonyesha Chausiku yale maneno kwenye simu yake.

"Hayo siyo niliyoandika mimi, kaka," Chausiku alisema.

"Lakini ni ya kwenu?"

Chausiku alichukua simu. Akampigia fundi wa tovuti.

"Maelezo yako ni pendekezo tu, dada," fundi akamwambia. "Wengi huandika ya kujisifu, kwa hiyo mtambo hujichagulia yanayolingana na swali."

Safari hiyo tangazo la zamani likafutwa. Chausiku akaongeza kifutu, koboko, swila, kila nyoka aliyemjua. Alipotafuta tena, sentensi ileile ikatokea. Mtambo ulikuwa haujarudi kuusoma ukurasa; bado ulishika ule wa zamani. Akalala kifudifudi juu ya meza ya mapokezi, wagonjwa wakimtazama.

Mama yake Mwajabu ametuma neno moja tu: aje mtu mmoja, akae mbele yake, aseme, "Ni mimi niliyewaambia mpite."

Semkiwa anasema tangazo lake lilikuwa la kweli, na lina tarehe. Mtambo hauna miguu ya kwenda. Sekiondo analia kwamba laiti angefungua ukurasa, au angesimama langoni japo aulize. Chausiku amefika uani kwa mama huyo mara mbili, akarudi bila kupiga hodi.

Haya, ninyi mliokaa hapa. Mama yule bado anangoja. Mngempeleka nani?