Pembe ya Edita

Mko macho? Basi sikilizeni. Zamani, katika msitu mmoja wa Uingereza, Edita alibaki peke yake. Wenzake, wanyang'anyi waliompora mtawala wakawalisha maskini, walinyongwa wote. Wakamwachia pembe yao ya ajabu, ya kuitana penye hatari.

Upweke ukamzidi. Akaipuliza, kimya. Akaipuliza tena, upepo. Mara ya tatu wakaja wafu, kamba shingoni, pinde mikononi.

"Umetuita tumwokoe nani?" akauliza Godwini, mumewe.

"Hakuna. Nimewakumbuka tu."

Godwini akainama. "Mke wangu, wafu huitwa mara moja."

Kulipokucha askari wakamkamata Edita. Chini ya kitanzi akaipuliza pembe. Ililia vizuri, kama siku zote. Hakuja mtu.

Nimeishia hapo. Funikeni moto.